Remain in Light mbili: uanze na ya Talking Heads au ya Angélique Kidjo?

Kuna albamu mbili zenye jina moja na nyimbo nane zilezile. Ya kwanza ilitoka Oktoba 1980, kazi ya bendi ya New York iitwayo Talking Heads, na watu wa muziki wa wimbi jipya (new wave) mpaka leo wanaizungumza kwa sauti ya chini kama wanaozungumzia kaburi la walii. Ya pili ilitoka Juni 2018, na mwimbaji ni Angélique Kidjo, mzaliwa wa Ouidah, Benin. Huyu tunamjua: ndiye aliyeiimba "Malaika" kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991, kwa lafudhi yenye ugeni kidogo lakini kwa moyo ambao waimbaji wetu wengi wa kumbi za hoteli hawaufikii.

Binamu yangu amepatwa na ugonjwa wa kukusanya santuri. Majuzi akaniambia ana hela ya moja tu kati ya hizo mbili, nimchagulie. Nilitaka kumjibu palepale nikashindwa, maana jibu langu hubadilika kila nikifikia wimbo wa tatu. Santuri mpya siku hizi ni ghali, na ukiagiza nje kuna nauli na ushuru juu yake, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Nikakaa nazo siku nne, moja ikiisha naweka nyingine. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine niliyoyaficha kwa kuogopa kumchosha.

Nianze na ile ya zamani, kwa sababu usipojua ilivyopikwa huwezi kuona Kidjo kaongeza nini na katoa nini.

Talking Heads walikuwa wanne. David Byrne aliimba na kupiga gitaa, Tina Weymouth alishika besi, Chris Frantz dramu. Hao watatu walikutana chuo cha sanaa, Rhode Island School of Design. Jerry Harrison, wa kinanda na gitaa, akajiunga mwaka 1977. Klabu yao ya mwanzo ilikuwa CBGB, New York, ambako mwaka 1975 walianza kwa kuwafungulia jukwaa Ramones, bendi ya panki. Wenzao walipanda na makoti ya ngozi. Wao walionekana kama makarani waliotoroka kazini. Hapo ndipo wimbi jipya lilipojitenga na panki: hasira ni ileile, ila imechomekewa shati.

Kufikia mwaka 1980 walikuwa na albamu tatu, mbili kati ya hizo zikitengenezwa na prodyuza Mwingereza, Brian Eno. Kwenye ile ya 1979, Fear of Music, wimbo wa kwanza, "I Zimbra", ulikuwa tayari umeonyesha njia: magitaa yanayorudiarudia, ngoma nyingi, na maneno yasiyo na maana yaliyotoka kwenye shairi la Mjerumani Hugo Ball. Waliupenda kuliko nyimbo zao nyingine zote, na Eno na Byrne walikuwa wakimsikiliza sana Fela Kuti, Mnigeria wa afrobiti, hasa albamu yake Afrodisiac ya mwaka 1973. Wakasema albamu nzima iende huko.

Shida ni kwamba bendi yenyewe ilikuwa imechokana. Byrne alikuwa amejifungia na Eno kwenye mradi wao wawili. Frantz na Weymouth, ambao ni mume na mke, walikuwa wakijiuliza kama bendi ingalipo. Wakaenda mapumziko marefu visiwa vya Karibi, na huko Haiti wakaingia kwenye ibada za vodou na kujifunza kupiga ngoma zake. Kishike hicho kisa cha Haiti, tutakirudia.

Kiangazi cha 1980 wakakutana Compass Point, studio iliyoko Nassau, Bahamas. Eno mwanzoni hakutaka kabisa kufanya nao kazi tena. Aliposikia kanda za mazoezi yao akalegea. Hawakuja na nyimbo. Walipiga tu, wanarekodi, wanasikiliza, wakipata vipimo vinne vitamu wanavishika na kuvirudia kwa mkono dakika nyingi bila kuyumba. Mashine za kukata sauti na kuizungusha hazikuwa jambo la kawaida wakati ule, kwa hiyo wao wenyewe wakajigeuza mashine. Kila mmoja anaweka kipande chake juu ya cha mwenzake, kisha Eno na fundi mitambo wanakaa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, wanafungua njia hii, wanafunga ile, na wimbo unapatikana hapo. Nyimbo kadhaa zinakaa kwenye kodi moja mwanzo mpaka mwisho. Kodi ya gitaa, si ya TRA.

Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi hapa hahitaji kufundishwa jambo hili. Sebene ndivyo linavyofanya kazi: solo peke yake ni kijineno, rithimu peke yake ni kijineno, besi hivyohivyo, vikikutana panakuwa na mazungumzo. Lakini kuna tofauti kubwa. Sebene ni malipo. Umevumilia beti za mapenzi na machozi, ndipo linafunguliwa na watu wanainuka vitini. Kwenye Remain in Light ya 1980 unaingizwa sebeneni tangu sekunde ya kwanza na hutolewi. Hakuna mlango. Nadhani ndiyo maana watu wengine huiona albamu ya furaha na wengine humaliza upande wa kwanza wakiwa na jasho la wasiwasi, na wote wako sahihi.

Maneno yalikuja mwisho, New York, kwenye studio ya Sigma Sound. Byrne alikuwa amekaukiwa. Akawa anaimba mabwabwajo yasiyo lugha juu ya midundo, kisha anatafuta maneno yanayolingana na mabwabwajo hayo. Alisikiliza sana wahubiri wa redioni, na "Once in a Lifetime" ni mahubiri kweli: mtu anaamka siku moja, anaiona nyumba nzuri na mke mzuri, anajiuliza amefikaje hapo. Kwenye "Crosseyed and Painless" kuna mahali anaongea badala ya kuimba, mtindo alioukopa kwa marapa wa New York wa wakati ule, analalamika kwamba ukweli haumfanyii kama anavyotaka. Wageni wakaletwa wakamalizia: Adrian Belew na gitaa linalolia kama tembo aliyekanyagwa mguu, Jon Hassell na tarumbeta, Nona Hendryx kwenye uitikiaji.

Halafu ugomvi. Walikubaliana nyimbo ziandikwe majina ya wote. Jalada lilipotoka, sifa za utunzi zilikuwa za Byrne na Eno, na Harrison akatajwa kwenye nyimbo mbili tu. Kwa albamu iliyozaliwa kwa watu kukaa pamoja na kupiga pamoja, hilo lilikuwa kofi. Matoleo ya baadaye yamesahihisha, wote watano wametajwa, lakini Eno hakutengeneza tena albamu ya bendi hiyo.

Mauzo hayakuwa ya kutisha: nafasi ya 19 Marekani, ya 21 Uingereza. "Once in a Lifetime" ilifika nambari 14 Uingereza mwaka 1981, na kwao Marekani haikuingia hata kwenye mia bora. Umaarufu wake umekuja taratibu, kwa watu kuambizana. Wanamuziki ndio waliotangulia kuambukizwa. Bendi ya Radiohead waliisikiliza sana walipokuwa wakitengeneza albamu yao Kid A, na hata jina la bendi yao limetoka kwenye wimbo mwingine wa Talking Heads. Bendi ya Phish waliipiga yote jukwaani Atlanta usiku wa tarehe 31 Oktoba 1996. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza kwenye orodha yake ya sauti za kuhifadhiwa.

Sasa nirudi Haiti. Vodou ya Haiti ilitoka kwenye vodun ya watu wa iliyokuwa Dahomey, Benin ya leo, na ilivuka bahari na waliofungwa minyororo. Mojawapo ya bandari kubwa walikopakiwa ni Ouidah. Kwa hiyo ngoma zilipandishwa merini Ouidah, zikateremkia Haiti, mume na mke kutoka New York wakazikuta huko, wakaja nazo Nassau, zikaingia kwenye santuri, santuri ikauzwa Ulaya. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Paris, binti wa Ouidah akazisikia kwenye sherehe ya wanafunzi.

Kidjo aliondoka Benin mwaka 1983, akiukimbia utawala wa Rais Kérékou uliotaka wanamuziki waimbe sifa zake. Paris alisomea jazi. Kwenye sherehe hiyo ilipigwa "Once in a Lifetime". Amesimulia mara nyingi: aliwaambia wenzake huu ni muziki wa Kiafrika, wakamcheka, wakamwambia hii ni roki, nyinyi hamuwezi kitu kama hiki. Hakujua bendi inaitwaje, akaubeba ule wimbo kichwani miaka mingi. Alipokuja kuijua albamu nzima, akaamua kuiimba yote, wimbo kwa wimbo. Anasema alitaka kuirudisha nyumbani.

Na aliirudisha kwa gharama. Prodyuza wake ni Jeff Bhasker, mtu wa Kanye West na Bruno Mars, kwa hiyo sauti imejaa, besi inakupiga kifuani. Kwenye dramu kuna Tony Allen, yuleyule aliyempigia Fela kwenye bendi yake ya Africa 70. Fikiria hilo kidogo. Vijana wa New York mwaka 1980 walikuwa wakijaribu kuiga mapigo ya mtu huyu kutoka kwenye santuri; miaka 38 baadaye mtu mwenyewe anakaa kitini kuyapiga. Allen alifariki Paris Aprili 2020, na hii ni kati ya kazi zake za mwisho-mwisho zilizonigusa. Mapulizo ni ya Antibalas, kikundi cha afrobiti cha Brooklyn. Ezra Koenig wa Vampire Weekend na Blood Orange nao wamo. Juu ya Kiingereza cha Byrne, Kidjo ameweka Kifon na Kiyoruba. Kabla haijatoka aliipiga Carnegie Hall, New York, Mei 2017, na Byrne mwenyewe alikuwepo ukumbini.

Hizo ndizo mbili. Binamu alitaka jibu, akapata mahakama. Nilimpitisha wimbo mmojammoja, japo si kila mmoja una kesi.

"Born Under Punches" ndio unaofungua zote mbili. Kwa Byrne ni mtu wa serikali anayetapatapa, sauti inakatika, besi ya Weymouth inachomoza na kuzama, gitaa la Belew linatoa milio ya kompyuta iliyoharibika. Kwa Kidjo, mtu wa serikali huyo si mgonjwa wa akili, ni mtu anayekula. Nilisikia rushwa, nikasikia foleni ya dirishani na faili lisiloonekana. Ni wimbo mwingine kabisa kwa maneno yaleyale. Hata hivyo hapa naipa ya 1980. Ule mtapatapo hauigiki.

"Crosseyed and Painless", sare. Natamani Kidjo angekithubutu zaidi kile kipande cha kuongea.

Kwenye "The Great Curve" hakuna kesi. Kiini chake ni mstari mmoja, kwamba dunia inazungukia nyonga za mwanamke. Byrne aliyapata mawazo hayo kwa kusoma kuhusu sanaa na ngoma za Afrika. Waandishi wa habari walipelekewa albamu ikiwa na orodha ya vitabu, kimojawapo kile cha John Miller Chernoff kuhusu midundo ya Afrika, alichokiandika baada ya kujifunza ngoma Ghana. Nampa heshima kwa uungwana huo, wengi wamechukua bila hata kusema asante. Lakini akiimba, unasikia mtu aliyesoma. Kidjo akiimba, unasikia mwenye nyonga. Mapulizo yanaingia, sauti zinapishana, na ule msongamano ambao kwenye ya zamani unakubana hapa unakuwa kama uwanja wa harusi saa za kumtoa mwali. Lile solo la Belew nalikosa, siwezi kusema uongo. Sikosi kitu kingine.

"Once in a Lifetime" naurudisha kwa wenyewe. Ule wimbo una siri: Eno alihesabu pigo la kwanza mahali tofauti na bendi walipolihesabu, na badala ya kusahihishana waliacha hesabu zote mbili ziishi humohumo. Ndiyo maana miguu yako haina uhakika. Aliyewahi kusimama kwenye duara la ngoma na kuona mpigaji huyu anaanzia hapa na yule anaanzia pale, na wachezaji hawana habari, anaijua hali hiyo. Kidjo anaimba vizuri mno, na tatizo liko hapohapo: anaimba kama mtu anayejua alivyofika. Amefurahi. Wimbo huu unamtaka mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Houses in Motion" ni pa kupita. Ya zamani ina tarumbeta ya Hassell, ambayo ukiisikia gizani huwezi kusema ni chombo gani, na hiyo peke yake inatosha.

"Seen and Not Seen" nilikuwa nauruka miaka yote. Byrne hauimbi, anausimulia: mtu ameona sura za watu kwenye sinema na televisheni, akaamini kwamba akizikazia fikra, taratibu uso wake utabadilika ufanane nazo. Kwa mwanafunzi wa sanaa wa New York hilo lilikuwa wazo la kuchezea. Kausikilize wa Kidjo, kwa sauti ya mwanamke wa Kiafrika, halafu pita duka lolote la vipodozi mtaani uone mkorogo ulivyopangwa rafu kwa rafu. Neno halijabadilishwa. Ngozi ya msemaji ndiyo imebadilika, na kisa kimegeuka kuwa habari ya jirani yako. Hapa Kidjo ameshinda kwa mbali, na ndio wimbo ulionifanya nikubali kwamba albamu hii si heshima kwa wakubwa tu.

Wa saba ndio mgumu, "Listening Wind". Kuna mtu anaitwa Mojique. Anatazama kijiji chake kutoka kilimani, anakumbuka enzi za kabla Wamarekani hawajaja, anaona wageni kwenye majumba yao, anatuma vifurushi, anatega mabomu kwenye eneo la biashara huru. Wimbo uko upande wake, au angalau umekaa ndani ya kichwa chake, na upepo unampoza. Mwaka 1980, kwa kijana wa New York, huo ulikuwa ujasiri wa kujiweka nafsini mwa mtu mwingine. Sisi tuna tarehe 7 Agosti 1998, siku ya mabomu kwenye balozi za Marekani. Nairobi walikufa zaidi ya 200, Dar es Salaam 11, na waliokuwa wakilengwa wala si wao. Siwezi kuusikiliza wimbo huu kama msikilizaji wa London. Kwa Byrne uzuri wake unaniudhi: umepoa, umetulia, sauti imelainishwa. Kidjo ameuimba kama maombolezo, na maombolezo naweza kukaa nayo. Sijui kama alifikiria Nairobi, haihitaji. Namchagua yeye, ingawa ni wimbo ambao nikiwa na wageni sebuleni siuachii uchezwe, toleo lolote.

Zinafunga kwa "The Overload", mzito, wa polepole, wenye giza. Kuna simulizi inayorudiwa kwamba Talking Heads walikuwa wakijaribu kufanana na Joy Division kwa kusoma tu walivyoandikwa magazetini, bila kuwasikia. Kama ni kweli, walikaribia kweli. Kidjo hapa amebeba mzigo usio wake.

Kwa hesabu ya nyimbo basi hazijaachana sana, na hesabu haimsaidii mnunuzi. Kinachosaidia ni kujua unasikilizia wapi.

Albamu ya 1980 ni ya spika za masikioni. Imejengwa kwa tabaka, na tabaka nyingine ziko mbali sana, mnong'ono huku, kengele kule. Ukiipigia kwenye spika ya simu, au sebuleni watu wakiwa wanaongea, utabaki na mdundo mmoja mkavu na mzungu anayefoka. Wengi wanaosema haina kitu waliisikiliza hivyo. Itafutie usiku, peke yako, na usiitarajie ikufurahishe mara ya kwanza. Mimi nilihitaji mara nne.

Ya Kidjo inavumilia mazingira. Ipigie jikoni, kwenye gari, kwenye shughuli, itasimama. Sauti yake iko mbele kabisa, ukikosa kila kitu hutamkosa yeye. Kama nyumbani kwenu roki ni kelele na mama akisikia gitaa la umeme anauliza nani kafa, anza na hii, kisha baada ya mwezi mletee ile nyingine kinyemela. Inafanya kazi pia kwa vijana wanaojua amapiano na singeli tu, kwa sababu besi ni ya zama zao.

Kama wewe ni mpigaji, hasa wa besi au rithimu, usipoteze muda: chukua ya Talking Heads. Kuna darasa zima mle la kupiga kidogo na kuacha nafasi. Kama ni mwimbaji, au una kikundi cha kwaya, chukua ya Kidjo uone sauti zinavyogawanywa, nani anaita na nani anaitika, kiitikio kinavyoweza kuwa ngoma.

Na kama unachotaka ni jalada la kuning'iniza ukutani, hakuna ushindani. Lile la 1980 lina nyuso nne za wanabendi zilizopakwa rangi nyekundu kama vinyago, zilizochezewa kwa kompyuta za chuo cha MIT wakati kompyuta kwa wengi ilikuwa habari ya kusikia. Wazo lilikuwa la Weymouth na Frantz. Nyuma kuna ndege za kivita juu ya milima. Ndugu zangu wa ubunifu wa majalada wanisamehe, miaka zaidi ya 40 imepita na bado linawafunika.

Kuna ya tatu ambayo binamu aliiona dukani akaniuliza: My Life in the Bush of Ghosts, ule mradi wa Byrne na Eno wawili, uliotoka Februari 1981 ingawa sehemu kubwa ilirekodiwa kabla ya Remain in Light. Ina sauti za watu zilizonaswa redioni na kwenye santuri, zikiwekwa juu ya midundo. Toleo la mwanzo lilikuwa na kipande cha usomaji wa Kurani juu ya ngoma, Waislamu wa Uingereza wakalalamika, wakakiondoa kwenye baadhi ya matoleo yaliyofuata. Anayekulia pwani hahitaji kuelezwa kwa nini watu waliudhika. Wauza santuri za mtumba huwa wanapandisha bei ya toleo lenye kipande hicho. Usikubali kuchomwa, chukua la kawaida. Ni albamu ya kusoma zaidi kuliko ya kurudia, na si ya kuanza nayo.

Hukumu niliyompa: kwa hela ya moja, nunua santuri ya 1980, na ya Kidjo isikilize mtandaoni. Sababu yangu si kwamba ya kwanza ni bora. Ni kwamba ya Kidjo inakupa karibu kila ilicho nacho hata kwenye sauti iliyobanwa ya simu, na ile nyingine hapana. Angekuwa na hela ya kanda tu na redio ya gari ningemgeuzia jibu lote.

Ila angalia toleo. Lililorudiwa mwaka 2006 kwenye CD lina vipande vinne vya mazoezi ya Nassau ambavyo havikukamilika. Kimoja, "Right Start", ndicho kilichokuja kuwa "Once in a Lifetime", na unaweza kusikia wanavyokizunguka bado hawajui walichokishika. Kingine wamekiita "Fela's Riff", bila aibu na bila kuficha. Kisikilize mara tu baada ya upande wa kwanza wa ile Afrodisiac, na Kidjo awe wa mwisho usiku huo.